Kabichi za Walburga

Jumamosi, 12 Oktoba
Siku ishirini zimebaki kabla ya Sikukuu ya Watakatifu Wote. Kijiji kizima kitasimama makaburini, padri atapita na maji ya baraka, na kila mtu atakagua maua ya mwenzake. Sala baadaye! Mwaka huu Walburga wangu hatasimama pembeni yangu. Yumo kaburini. Hospitalini aliniomba jambo moja tu: nisimpelekee maua ya dukani, nimpandie kabichi zake za mapambo, zile za zambarau. Nikamwahidi. Miaka arobaini ya ndoa yeye alipanda, mimi nilibeba ndoo.
Ninazo kumi na mbili. Kubwa! Nimezilisha mavi ya njiwa tangu Agosti. Moja tu, nyuma ya banda, niliisahau. Imekonda, aibu tupu. Tatizo dogo: zote bado kijani.

Jumatano, 16 Oktoba
Zenta kachungulia juu ya ua. Huyu ni mjane wa Alois, jirani yangu nyumbani na makaburini pia, na mshindani wa Walburga tangu enzi. Kaniuliza hizo nitazila na soseji gani. Zake tayari zambarau. Eti nimezishibisha mno. Kabichi hizi zinataka njaa na baridi ndipo zigeuke rangi. Maneno ya mpinzani hayo! Nikamshukuru kwa adabu. Nikaongeza ndoo ya mavi.

Jumapili, 20 Oktoba
Lakini kuhusu baridi, huenda kasema kweli. Joto hili! Watu wanakunywa bia nje kama Julai. Nikapata wazo. Xaver, muuza nyama, ana chumba cha baridi. Kacheka mpaka kashika kaunta, ila Walburga ndiye aliyemfundisha binti yake kinanda, basi akakubali. Kabichi kumi na moja zimelala kati ya nguruwe. Ile kondefu nimeiacha bustanini, isinitie aibu.

Ijumaa, 25 Oktoba
Zimebaki sita! Mke wa Xaver alidhani ni mboga, kapika tano na nyama ya kukaushwa kwa moshi. Kaniomba radhi, kanipa bakuli. Nikala. Machozi yakanitoka mezani kwa watu, maana Walburga hakuruhusu hata jani moja liingie sufuriani. Na hizo sita? Kijani vilevile. Kumbe gizani hazigeuki.

Alhamisi, 31 Oktoba
Nimechemsha bitiruti, nikakoroga na unga, nikapaka jani moja moja kwa brashi. Zambarau safi! Nimezipanda kaburini. Zenta kapita, kainama, kanusa, kaenda zake. Wivu huo.
Nisamehe, Walburga. Ahadi ni ahadi.

Ijumaa, 1 Novemba
Loo! Padri kanyunyiza maji ya baraka, na bitiruti ikaanza kutiririka. Kwenye kokoto nyeupe, kwenye jiwe, kwenye pindo la kanzu yake. Kijiji kizima kikanyoosha shingo. Natamani ardhi inimeze. Nikamwambia Walburga kwa sauti, mbele za watu, kwamba nimeshindwa.
Zenta hakucheka. Kainama kwenye kaburi la Alois wake, kang'oa kabichi mbili nzuri kuliko zote, kazipanda kwa Walburga. Kamwambia padri aendelee, miguu inamuuma kwa baridi. Kisha kaninong'oneza nisilie, hizi ni za Walburga hasa: kila mwaka yeye na Walburga walikuwa wakigawana mbegu jikoni kwake, nusu kwa nusu, wakicheka jinsi mimi na Alois tulivyodhani wanashindana. Nikalia zaidi. Kanipa leso ya Alois.

Jumapili, 3 Novemba
Barafu alfajiri! Nimetoka nje, na ile kondefu ya nyuma ya banda imegeuka. Zambarau katikati, kingo kijani, vilevile alivyozipenda. Nikaipeleka kwa Alois, izibe pengo. Zenta alikuwa pale. Kaniambia, si nimeona mwenyewe sasa, njaa na baridi. Nikaitikia kwa kichwa, tukashindilia udongo pamoja.
Njiani nikafikiri vizuri. Ikiwa hii imependeza hivi bila kula, ingelishwa je? Nimeagiza magunia mawili ya mavi ya kuku. Zenta asijue. Mwakani utaona, Walburga wangu.