Mashine Iliyokalia Kigoda Changu

Iyula, Mbozi
Jumanne

Kwa Mzee Jairo, mshenga wangu,
Tunduma.

Shikamoo.

YAH: OMBI LA KIKAO CHA WAZEE JUU YA MUME MWENZANGU

Mzee wangu, usishtuke. Mke wangu Restuta hana tabia mbaya. Hilo ulinihakikishia mwenyewe ulipokwenda kuniposea. Lakini hukuniambia kwamba mwalimu wa fizikia akipata likizo na intaneti anaweza kuunda roboti sebuleni. Ama ulijua ukanyamaza, ama hukuuliza. Kwa vyovyote ndoa hii imepita mikononi mwako, na mshenga ndiye wa kwanza kuelezwa mambo yakiharibika.

Malalamiko nayapanga kwa namba, wazee wasije wakasema Hezron anapayuka.

1. Kuporwa mali. Roboti hii imeundwa kwa vitu vyangu. Mota inayoitembeza ni ya waipa za pikapu yangu, magurudumu ni ya begi langu la safari, na sauti inatokea kwenye spika ya redio niliyokuwa nasikilizia mpira. Cha Restuta ni kibao cha kijani kisichozidi kiberiti, anachokiita ubongo, alichokiandikia maagizo kwa kompyuta. Mvua ikinyesha itanibidi niendeshe nimetoa kichwa dirishani. Nikisema, najibiwa kwamba sasa ni kiangazi.

2. Kunyang'anywa kazi. Inatembea kwenye reli ya mbao kando ya kichanja cha kuanikia kahawa. Kila nusu saa inageuza kahawa kwa reki, na jua likizidi inavuta turubai yenyewe. Tena ina kimkono, kadiri ya kijiko cha chai, kinachodokoa punje mbovu na kuziweka pembeni. Mimi nimechambua kahawa tangu sijaota ndevu, na mpaka leo punje mbovu hunipita. Yenyewe haipitwi. Betri yake imewekwa juu ya kigoda changu, nami nasimama.

3. Jina. Tuna binti, Angel, anasoma bweni, ana afya njema na cheti cha kuzaliwa. Hata hivyo Iyula nzima naitwa Baba Roboti. Jumapili moja Katekista Clement alitangaza kwamba wanaotaka kuiona wapite kwa Baba Roboti baada ya ibada. Ibada ilikuwa haijaisha, na nusu ya kwaya ilikuwa imeshafika kwangu.

4. Upendeleo. Ikipata joto kidogo, Restuta anaacha ugali jikoni anakuja kuipima kwa kipimajoto. Mimi nilipougua malaria mwezi wa tatu niliambiwa ninywe maji. Sasa mzee, kitu kinachofanya kazi za mume, kikasifiwa kama mume, na kikabembelezwa kuliko mume, ni nini? Basi kama ni mume mwenzangu, ibebe na mizigo ya mume. Ikalime kwa wakwe. Iende msaragambo na wanakijiji wenzake ikachimbe mtaro wa barabara. Ibebe jeneza, ikae vikao vya ukoo kuanzia asubuhi bila kuzimika, na ndugu wakikosa nauli waifuate yenyewe. Mimi nitaomba kutambuliwa kama mume mkubwa, kwa kuwa nilitangulia.

5. Hili la mwisho naliandika bila mzaha. Kila msimu, jioni, mimi na Restuta tulikaa pande mbili za kichanja tukichambua. Mikono ikiwa na kazi, mdomo hauogopi. Hapo ndipo tulipogombana na ndipo tulipopatana, na ndipo aliponiambia kwamba ana mimba ya Angel. Sasa kahawa inajichambua na hatuna sababu ya kuketi. Yeye hushinda ndani na kompyuta yake, mimi huzunguka uani. Nimemkumbuka mke wangu, mzee, na tunalala kitanda kimoja.

Kwa hiyo naomba uje Jumamosi na wazee wawili wenye sauti nzito. Mwamuruni aifumue yote, mota irudi kwenye pikapu na sisi turudi kichanjani. Sitapunguza hata neno moja katika ombi hili.

Nisalimie mkeo, Mama Fausta, majirani wote wa mtaani kwenu, na hata Sufiani wa duka la spea, ingawa ndiye aliyemuuzia Restuta nyaya.

Wako katika ndoa uliyoitafuta wewe,

Hezron Nzunda

N.B. Usingoje Jumamosi. Njoo Alhamisi, na wazee waache hukohuko. Pitia kwa Sufiani uninunulie mota ndogo ya kimkono, yenye meno ya chuma. Ya plastiki haifai. Restuta yuko Isongole, dada yake Enesi amejifungua, na anarudi Ijumaa. Hajui lolote. Jana niliona si adabu kuipita kila siku bila salamu, nikaishika mkono. Nawe unajua kwetu mkono hauachiwi mpaka habari ziishe. Niliiuliza ya nyumbani, nikaipa ya Angel, ya shamba, ya pikapu. Mota ilipoanza kunuka kuungua, ndiyo kwanza nilikuwa nimefika kwenye habari za Restuta, nami sikuachia.