Swali Moja, Midomo Mitano

Jumatatu, 9 Juni

Haya sijawahi kumwambia mtu: nina swali kuhusu konokono. Ninalo tangu mwaka jana. Limenikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Maelezo kidogo. Baba ni mhadhiri, anatafiti konokono. Chuoni kwao kuna Alhamisi ya Majirani: mhadhiri wa idara moja anawaeleza wa idara nyingine utafiti wake, ili mtu wa sheria ajue mtu wa udongo anashinda akifanya nini. Familia tunaruhusiwa. Mwishoni ni maswali, na watu wa idara yako hawaruhusiwi kuuliza. Lazima aulize jirani. Mwaka jana Baba alieleza jinsi konokono anavyojifungia ndani ya gamba wakati wa kiangazi na kulala miezi mpaka mvua ije. Akamaliza. Mwenyekiti akaomba maswali. Kimya. Mtu akakohoa, Baba akamgeukia kwa matumaini. Kilikuwa kikohozi tu.

Alhamisi hii ni zamu yake tena. Leo mezani kasema kukiwa kimya safari hii, hatakanyaga tena ukumbi ule. Atabaki na konokono wake, wao angalau wana sababu ya kunyamaza. Mama akamwambia ale. Hakula.

Ningeweza kuuliza mimi. Lakini nimesomeshwa kwa lugha mbili na nimejaliwa kunyamaza kwa zote mbili. Natafuta mdomo wa kuazima.

Jumanne, 10 Juni

Mdomo wa kwanza: mdogo wangu. Alikubali haraka mno. Nikamwambia alirudie swali: konokono aliyejifungia ndani anajuaje kwamba nje mvua imenyesha? Akasema hilo halina ladha, yeye atauliza kama konokono hujamba. Nimemfukuza kazi.

Shuleni, mtoto wa Profesa Daraja kanipita mlangoni. (Baba yake anatafiti madaraja. Jina limemganda.) Akauliza, kwa sauti ya kusikika darasa zima, kama Alhamisi ukumbini zitaletwa shuka, maana mara iliyopita watu walilala kwenye baridi. Kwa baba yake, anasema, maswali yalimiminika mpaka mlinzi akaanza kuzima taa. Jibu kali lilinijia. Lilinijia jioni, nikiwa naoga.

Jumatano, 11 Juni

Mambo yamenyooka! Shangazi, dada yake Baba, fundi cherehani, amekubali. Yeye haogopi kipaza sauti, wala hakihitaji. Alitoa pini mdomoni ndipo akaniuliza: "Swali moja tu, mwanangu? Kaka yangu mimi, nimuulize moja?" Nikasema linatosha. Akaapa kuliuliza hata dari ianguke.

Njiani wasiwasi ukaniingia. Akisahau je? Shangazi aliwahi kusahau mkono wa gauni la bibi harusi. Nikapita kwa mkutubi wa chuo, ambaye kwa kazi yake haruhusiwi kupaza sauti, kwa hiyo tunaelewana. Nikampa swali hilohilo kwa Kiingereza, limeandikwa kwenye kikaratasi. Akasoma, akaitikia kwa kichwa. Mazungumzo bora niliyofanya mwaka huu.

Na mkutubi akipata mafua? Nikamwongeza dereva wa basi la chuo. Akasema niondoe shaka, dogo, yeye akitumwa hutumika.

Sikumwambia yeyote habari za mwenzake. Siri ni siri. Wa kwanza akishauliza, wengine watasikia limeulizwa na watatulia. Mpango hauna pa kuvuja.

Alhamisi, 12 Juni

Umevuja.

Baba alivaa koti aliloolea. Akaonyesha picha, akaeleza, akamaliza. Mwenyekiti, mhadhiri wa sheria, akaomba maswali. Kimya. Kimya kikaketi kiti cha mbele, kikakunja nne. Baba akaanza kupanga karatasi ambazo zilishapangwa. Mkono wangu ukainuka wenyewe mpaka usawa wa sikio. Nikajikuna sikio.

Ndipo Shangazi akasimama. Konokono anajuaje kwamba mvua imenyesha? Baba akang'aa! Utaratibu wao ni kwamba mwenyekiti hulirudia kila swali kwa lugha ya pili, asibaki mtu nyuma. Akalirudia kwa Kiingereza. Baba akajibu: ni unyevu, unapenya.

Mkutubi akasimama. Akanong'ona swali lake kwa Kiingereza. Mwenyekiti akalirudia kwa Kiswahili. Watu wakatazamana. Baba, masikini, akadhani jibu la kwanza halikueleweka. Akachora ubaoni.

Dereva akasimama. Akasema anajua swali limeshaulizwa, ila yeye katumwa, hawezi kurudi nalo. Akaliuliza. Baba akataka kujua katumwa na nani. Dereva akatazama dari, akalitazama koti la Baba, akasema: "Na hamu ya kujua, Profesa." Makofi! Mwenyekiti akalirudia kwa Kiingereza. Sheria ni sheria.

Nikapumua. Mapema mno. Wakasimama wanawake wawili nisiowajua, mmoja baada ya mwingine, magauni mapya. Swali lilelile. Wateja wa Shangazi. Kumbe naye aliogopa kusahau, akajiwekea akiba. Hizi akili ni za ukoo.

Kufikia jibu la tano Baba alikuwa ameishiwa. Akakiri kwamba kwa kweli hana hakika. Pengine unyevu. Pengine baridi. Pengine mtikisiko wa matone. Hapo Profesa Daraja akanyanyuka, na huyu hakutumwa na mtu! Akasema mtikisiko mdogo namna hiyo yeye huupima kwenye madaraja, na vifaa anavyo. Je, konokono atakubali kufungwa waya? Baba alimtazama kama mtu aliyeshinda bahati nasibu. Wakaendelea wawili hao mpaka mlinzi akaanza kuzima taa.

Ijumaa, 13 Juni

Baba kala sahani mbili. Kamwambia Mama kwamba chuo kizima kinawaka moto kwa swali moja. Mama alinitazama kwa muda mrefu. Niliendelea kutafuna.

Baba kapewa Alhamisi nyingine mwezi ujao, Sehemu ya Pili. Na kesho Profesa Daraja anakuja hapa nyumbani na vifaa vyake, na mwanawe wa kuvibeba. Laana.

Jioni Baba alinikuta nakunja nguo. Akaniuliza kama jana nilielewa. Nikasema ndiyo. Akasema watu watano wamemuuliza, hata dereva, na anawashukuru, ila angewatoa wote watano kwa mmoja wa nyumba hii. Nikasema aa.

Na ninalo swali, jipya kabisa! Yakidondoka matone mawili tu, konokono akatoka, kisha jua likarudi, je, anajifungia tena au ndiyo basi? Lilifika ulimini. Nikafungua mdomo. Nikamuuliza kama anataka chai.

Jumamosi, 14 Juni

Wageni wako sebuleni. Mimi niko chumbani, mlango nimeurudishia. Mvua imeanza. Nasikia vicheko, na mtoto wa Daraja akiuliza konokono yupi ndiye mkubwa wao.

Nimetafakari sana. Funzo nimelipata: kosa lilikuwa kumpa kila mtu swali lilelile. Mwezi ujao kila mdomo utakuwa na swali lake, na kila swali midomo mitatu ya akiba. Shangazi ana wateja wengi.

Swali langu jipya nitampa mtoto wa Daraja. Ana sauti, haya hana. Nitampelekea kupitia kwa mdogo wangu, ili nisilazimike kuongea naye.

Ndara za Baba zinakuja koridoni. Zimesimama mlangoni. Anabisha, taratibu. Anasema konokono hajasogea bado, labda ananisubiri mimi.

Naficha daftari hili chini ya godoro. Nitasema nimelala.