Neno la Mjomba

Jumanne, 5 Agosti 2025

Nimefika Mahurunga. Kuanzia Mtawanya dereva wa bodaboda alikuwa akinisimulia Mto Ruvuma na viboko wake. Nikamwambia nimezaliwa huku. Akasema karibu sana, akaendelea na viboko. Nadhani kofia yangu ndiyo imemfanya anione mtalii. Uholanzi ninakoishi hakuna anayeishangaa.

Nimekuja kwa ajili ya Husna, binti wa marehemu dada yangu Saida. Anaolewa Jumamosi. Ndoa ataifungisha shehe mbele ya baba yake Husna, lakini kwetu binti aliyefiwa na mama haondoki mpaka mjomba aende kaburini kumwarifu mama mtu, kisha aseme neno mbele ya wakwe. Mjomba mkubwa ni mimi. Mdogo wangu Sudi amekalia nafasi hiyo muda wote niliokuwa ughaibuni, na naona amenogewa. Hata wasio wapwa zake wanamwita Mjomba. Mimi wananiita mgeni wetu. Lazima nirudishiwe nafasi yangu.

Jumatano, 6 Agosti

Sudi amesema Ijumaa twende kaburini sote wawili. Nikakubali kwa upole. Mpango: kesho namtangulia. Akija kustuka, kazi imekwisha! Unga wa mtama wa kumwaga kaburini nimeuchota jikoni kwa shemeji, mke wa Sudi, nikauficha ndani ya soksi safi.

Tatizo dogo. Saida alipozikwa sikuwepo, na kaburi lake silijui. Nimuulize nani? Mtu mzima nizunguke kijijini naulizia alikolala dada yangu? Naona aibu. Mama tulimzika karibu na mkorosho mkubwa. Saida bila shaka yuko jirani yake.

Alhamisi, 7 Agosti

Mikorosho mikubwa imekuwa mingi. Nikachagua mmoja. Kaburi lilikuwepo, limefagiliwa vizuri. Nikapiga magoti, nikamwaga unga. Nilikusudia kusema machache, kwa utaratibu. Sikuweza. Nililia. Nikamwambia Saida kwamba Husna amechukua kidevu chake, na kwamba tangu aondoke sijapata mtu wa kunigombeza.

Kuinua kichwa, Mzee Hashimu, jirani yetu wa zamani, amesimama kando na jembe lake, kavua kofia. Alingoja nimalize. Kisha akanieleza kwa adabu kwamba hapo amelala baba yake mzazi, na kwamba ameshukuru kwa unga. Ila angependa kujua kwa nini namwita dada.

Ijumaa, 8 Agosti

Habari imefika kila nyumba. Sudi hakucheka, na hilo ndilo lililoniudhi.

Baada ya swala akaja Husna. Akanishika mkono, tukaenda mpaka kwenye kaburi lenye mawe meupe, mbali na mkorosho wowote. Akamwambia mama yake kwamba mjomba amefika. Basi, hayo tu. Halafu akaniambia kuwa mama yake aliniulizia mpaka siku za mwisho, na kwamba kesho neno niliseme mimi. Ameshamwomba Sudi, naye ameridhia.

Nampenda sana mtoto huyu. Nilikaa pale chini muda mrefu, naye akakaa pamoja nami.

Jumamosi, 9 Agosti

Wakwe walijaa mkekani. Sudi alinipisha mbele, akakaa nyuma yangu. Nilisema vizuri. Nilisema Husna hana mama lakini ana watu, na akina mama wakaanza kujifuta macho kwa khanga. Nikainuka, nikamwekea mkono kichwani kijana mwenye kanzu iliyonyooshwa kuliko zote, nikamwambia tumekupa binti yetu, mtunze.

Wakwe wakatazamana.

Kijana akasema kwa sauti ndogo kwamba yeye anaitwa Saidi, amekuja kumsindikiza rafiki yake, na nyumbani ana mke. Bwana harusi alikuwa kushoto kwake, macho chini. Anaitwa Hamisi. Nimelijua jina hilo leo. Husna, nyuma ya pazia, alicheka mpaka akalia. Au alilia kwanza. Sikuweza kutofautisha.

Nikahamisha mkono. Neno likapokelewa, ndoa ikafungwa.

Jioni Sudi aliniuliza taratibu kwa nini sikumuuliza bwana harusi ni yupi. Nikamjibu kwamba mjomba wa kuulizia bwana harusi ni mjomba gani huyo.

Kesho nakwenda kuwaamkia wakwe nyumbani kwao. Sudi alitaka kunielekeza nyumba. Nimemwambia asijisumbue.