Huzuni Ingoje Mgeni Rasmi

Ilitangazwa kwa waraka, na waraka ukabandikwa mpaka kwenye mlango wa choo cha wahadhiri, kwamba kuanzia Alhamisi hakuna mwanafunzi wa chuo atakayehuzunika bila utaratibu. Kituo cha Faraja kilikuwa tayari. Kilikuwa na zulia, makochi mawili yaliyokuwa bado ndani ya nailoni zake, na utepe mwekundu mlangoni ambao hakuna aliyeruhusiwa kuugusa mpaka mgeni rasmi aje na mkasi.

Mwenye kazi hiyo tukufu alikuwa Mlezi Mkuu wa Wanafunzi. Wanafunzi walimwita Bwana Utaratibu, naye akadhani ni heshima. Mwongozo wa kufariji aliuandika yeye. Aliwafundisha wanasihi wake wawili kuinamisha kichwa upande wa kushoto, kusema pole kwa sauti ya chini, na kutobishana na mteja hata akisema nini. Wizarani walikuwa wamemnong'oneza kwamba mambo yakienda sawa, unaibu makamu mkuu wa chuo ni wake. Kilichokosekana kilikuwa kitu kidogo tu: mwanafunzi mwenye huzuni, wa kumwonyesha mgeni.

Mungu si Athumani. Jumatatu asubuhi binti wa mwaka wa pili akabisha hodi ofisini kwake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Una miadi?"

"Sina. Mama yangu alifariki mwezi uliopita. Tangu nitoke mazishini silali, na darasani sisikii kitu. Nimeshafunga begi niache chuo. Nikasema kabla sijaondoka nipite hapa, labda kuna mtu wa kuongea naye."

Machozi yakaanza kumlengalenga. Mlezi Mkuu aliruka kitini kama mtu aliyeona maziwa yanafurika jikoni.

"Zuia, binti yangu, zuia. Leo ni Jumatatu."

"Sijakuelewa, mzee."

"Ukiyamaliza leo, Alhamisi utalia nini? Nenda kapumzike. Ila usiongee na mtu. Marafiki wanatuharibia sana kazi, mtu anatufikia ameshatulizwa. Alhamisi saa nne uje na hali hiyohiyo. Na hilo begi uje nalo, litapendeza kwenye picha."

Binti alimtazama, kisha akasema asante, maana alilelewa vizuri. Mlezi Mkuu alikunywa chai yake kwa furaha ya mtu aliyemsaidia kijana.

Alhamisi ilipofika, alimwingiza kwa mlango wa nyuma, kwani utepe ulikuwa haujakatwa. Binti alikuja mikono mitupu, gauni limepigwa pasi, uso umekunjuka.

"Begi liko wapi?"

"Nimelifungua, mzee. Nilipotoka kwako nilikaa kwenye ngazi za maktaba nikalia mpaka kwikwi. Mwalimu wetu wa hesabu akapita. Akakaa palepale chini na suti yake, akaniuliza mama alikuwa mtu wa namna gani. Tukaongea mpaka kipindi chake kikampita. Bado inauma, lakini jana nimelala. Nimekuja kukwambia usinisubiri."

"Huyo mwalimu ana cheti cha kufariji?"

"Sikumuuliza."

"Na huwezi kuhuzunika kidogo tu? Mgeni hatakaa sana."

"Huzuni ninayo, mzee. Lakini si ya mgeni."

Mlezi Mkuu akakaa kochini, nailoni ikalia chini yake. Alikiona cheo kinaondoka hivihivi, akashika tama. Kabla hajatoa leso, utepe ukakatwa, makofi yakapigwa, na mgeni rasmi akaingia na makamu mkuu wa chuo, wapiga picha wakimfuata.

"Ndiye huyu?" mgeni akauliza. "Maskini, mtu mzima kabisa."

Wanasihi walitazamana. Wakaelewa kwamba bosi ameamua kuigiza mwenyewe, na kazi ni kazi. Wakainamisha vichwa upande wa kushoto.

"Pole, baba."

"Acheni mchezo. Mimi ndiye Mlezi Mkuu."

"Sawa, baba. Wewe ndiye Mlezi Mkuu."

"Hiki kituo ni changu."

"Ni chako, baba. Vyote ni vyako."

Mgeni alimgeukia makamu mkuu. "Kweli ndiye?"

"Ndiye, mheshimiwa."

"Basi kituo kimefunguliwa kwa wakati wake," mgeni akasema, akaguswa kwa dhati. Wakanong'onezana. Mlezi Mkuu alisikia neno likizo, akasikia pia kwamba nafasi yake atapewa mtu mwingine, na hapo ndipo machozi yalipomtoka ya kweli. Wapiga picha walifurahi sana. Kisha wote wakaenda kunywa chai, na wanasihi pia.

Alibaki binti. Alisogea, akakaa kando yake.

"Nini kimekusibu, mzee?"

Alitaka kusema ni cheo. Badala yake akajisikia akisema kwamba nyumbani hana wa kumwambia. Katika mwongozo wake mzima hakuwa ameandika hata mstari mmoja kuhusu anachopaswa kufanya mwenye huzuni.

"Sijui naanzia wapi," akasema.

"Anzia popote," binti akamjibu, akavua viatu, akakunja miguu kochini.