Saa Inayokula Hewa

Jumatatu, 11 Januari 2016, Saint Paul

Salamu nyingi kwa mama, kwa kaka Onesphore na mguu wake, kwa dada Mutesi na mapacha, kwa jirani yetu mzee Bahizire, na kwa wote wanaoniulizia. Sisi wazima, ni baridi tu. Haya ni maandishi yangu ya kila siku. Murhula wa hapa kanisani akisafiri kuja huko atawaletea.

Nina hasira. Mchungaji Eliezer amesema mbele za watu kwamba nikichelewa kufungua Jumapili moja tena, ufunguo wa ukumbi wa kanisa ninaoutunza unakwenda kwa muumini mwenzangu Donatille. Nimechelewa mara tatu tu. Ufunguo ule ndio kitu pekee nilichopewa Amerika bila kujaza fomu. Simwachii.

Bahati nzuri, bibi ninayemsafishia nyumba kule Oakdale anahamia kwa bintiye. Leo amenipa saa ya zamani, iko ndani ya kisanduku cha kioo. Haina betri, haizungushwi kwa mkono. Ndani kuna kikopo cha bati kilichozibwa. Hewa ya nje ikikikandamiza kinajikunja, ikilegea kinavimba, na huko kuhema ndiko kunakokaza springi. Ameniambia niiweke mahali tambarare, kisha nisiiguse. Saa isiyolala. Donatille atanitambua.

Jumatano, 13 Januari

Nimetangaza: marufuku kutazama saa kwenye simu. Saa ya jiko la umeme nimeibandikia karatasi. Binti yangu Shekinah akasema "Mom, no", akarudi chumbani.

Jambo la pili. Madirisha yote tumeyabandika plastiki ya kuzuia baridi tangu Novemba, kama kila mtu hapa. Sasa saa itakula hewa gani? Ya maharage ya juzi? Nimebandua plastiki ya sebuleni, nikafungua dirisha, nikaisogeza saa ukingoni ipate kuhema. Shekinah akasoma kwenye simu kwamba mkandamizo wa hewa unafika hata ndani ya kabati. Mtoto nimembeba mgongoni, leo ananifundisha hewa.

Ijumaa, 15 Januari

Mume wangu Habimana ametoka kazi ya usiku hospitalini Maplewood, akalala na koti, kofia na viatu. Alipoamka aliuliza kama tumefukuzwa nyumba. Nikamwambia saa inakula. Akasema hata yeye angependa kula, ila mboga ya sombe imeganda mezani.

Donatille naye akaja, eti kuazima ungo. Akasimama sebuleni akitoa mvuke mdomoni kwa baridi, akauliza: Mama Shekinah, siku hizi mnauza samaki wa barafu? Nikamjibu kwamba wanaouliza sana huwa hawanunui. Ungo nikampa ule uliotoboka.

Alipoondoka nikaona saa imeinama upande. Nimeiwekea kadibodi chini. Inakwenda polepole, lakini kwa baridi hii hata mimi nakwenda polepole.

Jumapili, 17 Januari

Saa ilisema ni saa tano na robo. Ibada ni saa saba. Nikakaanga mandazi taratibu, nikapiga pasi kitenge. Shekinah akatokea na simu mkononi, akafungua mdomo. Nikamwangalia. Akaufunga.

Tulifika saa nane kasoro dakika ishirini. Watu wote nje, kwenye theluji. Wazee wamejifunga mablanketi, wanakwaya wanarukaruka kama kuku. Afadhali wangenigombeza. Mchungaji alinyoosha mkono tu. Nikauvua ufunguo shingoni, akamkabidhi Donatille. Nililia nyuma ya birika la chai. Sasa nani atanisubiri hapa?

Jumatatu, 18 Januari

Donatille amepiga simu. Anasema ule mlango umekwama kwa barafu, unataka bega la mtu mnene, na yeye hana. Tuwe tunafungua pamoja. Jumapili atanipitia saa sita kamili. Ameniita mnene, lakini nimeguswa. Sikuonyesha. Akataka anipigie kwanza kunikumbusha. Nikamwambia asijisumbue, mimi saa ninayo.

Kosa nimeshaliona: dirisha moja halikutosha. Nimebandua plastiki ya jikoni na ya chumbani, sasa saa ina hewa pande tatu. Habimana amekwenda kulala kwa nduguye huko Anoka.

Nijibuni upesi sana. Na juu ya barua mwandike ilikuwa saa ngapi mlipoandika, niiweke sawa saa yangu.