Sindano Iliyonigombanisha na Wakwe

Lupepo, Rungwe.

Ndugu Mganga Mfawidhi,

Yah: Mke wangu kupunguzwa bila kuulizwa mimi

Pole na kazi. Kichwa cha barua kinajieleza, ila mimi bado sijaelezeka. Mke wangu Tulinagwe ana kisukari aina ya pili, na tangu mwezi wa tatu kliniki yako inamdunga sindano mara moja kwa wiki. Sukari imeshuka, nakubali. Hamkuniambia kwamba na mke atashuka. Nalalamika hivi:

1. Niliwakabidhi mke wa kujaa mlangoni. Sasa anapita na ndoo ubavuni na nafasi inabaki. Rajabu, fundi cherehani, amepunguza magauni yake mara tatu, na kila mara ananipa pole kama mfiwa. Wapo wanaouliza kama nimeoa mke mdogo. Jamani, ni yule yule!

2. Jirani yangu Nsajigwa ana kisukari hicho hicho, lakini yeye anajidunga insulini kila siku, na amenenepa hadi mashavu yanang'aa. Muuguzi alinieleza kwamba insulini huweza kuongeza uzito, ila hii ya mke wangu hupunguza hamu ya kula. Sasa kama mlijua, kwa nini ya kunenepesha mkampa mwanamume asiye na wakwe wa kumkagua?

3. Wakwe zangu walikuja kutoka Isongole, watu saba. Tulinagwe akapika mbalaga, yaani ndizi zetu za nyama, kama kawaida, akala vipande vitatu, akasema ameshiba. Loo! Kwetu mwenye jiko akishiba kwa vipande vitatu, anayetazamwa ni mumewe. Mama mkwe alilia. Shemeji akaenda shambani kuhakikisha migomba ipo. Ipo, na ndizi wakazimaliza wao. Jumamosi wanakuja kumchukua binti yao wakamlishe viazi. Nampenda huyu mwanamke, miaka ishirini na sita sasa, na ninaogopa.

4. Hasina, mwuza vitenge mjini Tukuyu, hana kisukari hata chembe. Anaagiza Dar sindano ya jamii hiyo hiyo ili apungue, na anasifiwa kuwa amependeza. Wangu kapungua vile vile, mimi naitwa mchoyo.

Kwa hiyo naomba mke wangu ahamishiwe insulini. Ikishindikana, nipewe cheti chenye mhuri kwamba kwangu chakula kipo. Na hilo likishindikana, wadungeni wakwe wote saba kabla ya Jumamosi, ili neno nimeshiba lianze kwao.

Wasalimie wauguzi wote, na yule wa mizani pia, ingawa sijamsamehe. Ndaga fijo, asante sana.

Ni mimi, mume wa mgonjwa,
Ambindwile

Nyongeza: Nilipokuwa natafuta gundi ya bahasha nimemwona Tulinagwe anarudi sokoni amevaa viatu. Viatu vya kufunika! Miaka miwili alivaa kandambili kwa ajili ya kidonda cha mguu, hadi mkaanza kuzungumzia kuukata. Kimefunga. Amepanda kilima chote kwa miguu yake, yote miwili. Tafadhali usibadilishe kitu. Wakwe waje tu, nitagombana nao mwenyewe.