Mashati Yote Meusi

Jumatatu, 4 Machi
Shati la kijani, suruali ya zambarau. Jirani yangu Mzee Tai, karani mstaafu anayelinganisha tai na soksi hata akienda kutupa taka, kaniuliza kama nimevalishwa na upepo. Watu wakacheka. Nami nikacheka, nisionekane mnyonge. Marehemu mama watoto ndiye aliyekuwa akinitandikia nguo kitandani kila asubuhi. Miezi saba sasa kitanda kinanitazama tu.

Jumanne, 5 Machi
Akili ni nywele, nami nina kipara, lakini leo nimepata wazo! Nguo zote zikiwa rangi moja, atakosea nani? Nimenunua rangi nyeusi, nimechemsha kila kitu kwenye sufuria kubwa: mashati, suruali, soksi, hadi taulo. Chai ya jioni imetoka na ladha ya shati. Nimekunywa. Nani wa kunisema?

Jumatano, 6 Machi
Nimetoka mweusi tii, kofia hadi soksi. Nikamsubiri Mzee Tai anicheke. Wapi! Kavua kofia, kanishika mkono, kasema pole sana, mzee mwenzangu. Nilitaka kumwambia ni rangi tu, jamani. Lakini mkono wake ulikuwa na joto, na tangu tulipomzika mama watoto sijashikwa mkono. Akauliza nimefiwa na nani. Nikasema ndugu.

Alhamisi, 7 Machi
Nyumba imejaa! Mama wa duka kaleta chai. Fundi viatu kaleta viti na hadithi zake, mpaka nikacheka, nikakumbuka nimefiwa, nikageuza kicheko kikohozi. Wakauliza jina la marehemu. Nikasema nikilitaja nitalia. Wakanimiminia chai tena. Siku tamu kabisa, Mungu anisamehe.

Jumamosi, 9 Machi
Balaa! Mzee Tai, mtu wa taratibu, alimpigia simu binti yangu kumpa pole. Binti kapanda basi la kwanza, kalia njia nzima akiamini wanamficha, kwamba aliyekufa ni mimi. Kanikuta mlangoni na kikombe mkononi. Kafoka: Baba, kumbe u hai? Nikasema kwa sasa. Kanipiga kwa mkoba, kanikumbatia, kanipiga tena. Kauliza basi ni ndugu gani aliyekufa, nikakiri mbele ya wote kwamba hakuna, ni rangi tu. Watu wakabeba viti vyao. Hakuna aliyeaga. Mzee Tai kasema nimewaibia machozi.

Jumapili, 10 Machi
Binti kaninunulia mashati, kayapanga kabatini, kila shati na suruali yake. Kauliza kwa nini sikumwambia kwamba upweke unaniua. Nikasema kila akipiga simu huuliza kama nimekula, na kula nilikuwa nakula. Kisha kaniapisha nisizushe msiba tena. Nimeapa, mkono juu. Kaondoka na basi la saa nane.

Jumanne, 12 Machi
Shati la buluu, suruali ya kijivu, soksi za kijivu. Nimempita Mzee Tai kwa kupendeza! Nimezunguka mtaa mara tatu. Hakuna aliyenisemesha. Hata kunicheka wamegoma.

Jumatano, 13 Machi
Nimefunga bendeji mguu wa kulia, kifundo hadi goti. Mguu wenyewe mzima kama nguzo. Kiapo kilitaja misiba, hakikutaja miguu. Na bendeji nyeupe, wallahi, inaendana na kijivu! Nimeketi mlangoni, kiti kitupu pembeni. Fundi viatu kapita. Kautazama mguu. Kapunguza mwendo.